Majina ya Kutoneshea Gongo

Jumamosi ya pili ya Septemba 2011, watu wa Dodoma wanaoishi London walikusanyika nyuma ya nyumba ya Thadei, Harrow, kupika gongo ya zabibu. Zabibu alizileta Chandrakant, mzaliwa wa Dodoma mwenye duka Southall. Zilichachia bafuni wiki mbili, na wiki hizo Thadei alioga kwa jirani.

Sufuria ilifunikwa, ukingo ukazibwa kwa unga uliokandwa, mrija ukapitishwa kwenye ndoo ya maji baridi. Mrija huo hautoneshi mpaka utajiwe marehemu. Ukitaja aliyekufa, gongo inatiririka, ukinyamaza, inakata. Mwaka juzi Thadei alimtaja bosi wake kwa utani, ukabaki mkavu, watu wakasikitika kidogo.

Chandrakant akamtaja baba yake, chupa ikafika nusu. Wengine wakataja wajomba na shangazi. Ngoma ilichezwa, nyama ikageuzwa.

Restuta, mdogo wake Thadei, alifika akiwa na yunifomu yake ya kutunzia wazee. Akaiangalia chupa, akacheka.

"Angekuwepo mama yetu Perpetua hapa, mngebakiwa na kitu kweli?"

Mrija ukatiririka. Chupa ikajaa, gongo ikamwagika chini.

Mrija haukumshangaza mtu. Walichoshtukia ni kwamba Restuta alikuwa ameuona.

"Lini?" akauliza.

"Februari," alisema Thadei. "Mdogo wangu, karatasi zako hazijatoka. Ungekwenda kuzika, usingerudi. Tukaona usije ukaumia bure."

Watu kumi na saba walikuwa wamekaa kikao wakakubaliana. Penye wengi hapaharibiki neno, na kweli, kwa miezi saba hakuna aliyeropoka.

"Na ninayeongea naye kwa simu kila Jumapili ni nani?"

"Dada Eufrasia. Sauti yake na ya mama ni moja."

Restuta alikaa chini palepale penye gongo. Alitaka kumzaba kaka yake kofi, lakini hakumzaba. Mtu mmoja akatega chupa nyingine, kwa kuwa ilikuwa dhambi kuimwaga gongo. Jina la mama Perpetua lilijaza chupa tisa, idadi ambayo haijawahi kupatikana kwa jina moja. Waligawana gongo, wakaisifu.

Kesho yake saa nane mchana Restuta alipiga simu Dodoma kama kawaida.

"Mwanangu, umekula?" sauti ikauliza.

"Nimekula, mama," akajibu.