Sahani ya Mwenye Bucha

Abbasi alikuwa na bucha katika soko la Majengo, na kwa kula nyama hakuna aliyemfikia sokoni pale. Ndipo akaugua homa ya matumbo. Alipopona, harufu ya nyama inayochemka ilimchefua. Akaiacha. Samaki nao wakafuata, kisha mayai, mwisho hata maziwa kwenye chai. Mbichi aliendelea kuuza, maana harufu yake pua ilikwisha kuizoea.

Wenzake wakampa jina la Beberu, kwa kuwa sasa yeye na mbuzi walikula chakula kimoja.

Mkewe Joha alichoka kupika maharage. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni kule Makole, na miaka ile ya soko huria walifikia hapo Wajapani wachimba visima. Mmoja wao, Bwana Morita, alimfundisha kutengeneza sushi: wali unatiwa siki na sukari kidogo, unatandazwa juu ya karatasi nyeusi ya mwani, samaki anawekwa katikati, kisha unaviringishwa na kukatwa vipande. Joha akaona mahali pa samaki panaweza kukaa parachichi, tango na karoti. Bwana Morita akampa karatasi kadhaa za mwani na kichupa cha sosi ya soya, ile nyeusi yenye chumvi, aende navyo nyumbani.

Kilichomuuma Joha ni wali wenyewe. Yeye wali wake ulisifiwa mtaa mzima kwa kuchambuka punje moja moja, na huu ulitakiwa kushikana.

"Mama angeuona huu angewamwagia kuku," alimwambia mumewe.

Abbasi alichovya kipande kwenye sosi ya soya, akatafuna. Akachukua cha pili.

"Basi kuku watalala njaa," akasema.

Tangu hapo kila Ijumaa ilikuwa sushi, mwani ukitoka kwa Bwana Morita. Mambo yalikwenda vizuri mpaka binti yao Shamimu alipoposwa na Aiman, kijana wa Kondoa, na bibi yake Aiman, Bi Zuleha, akaja kuwaona wakwe.

Joha alipika pilau ya mbuzi. Mbele ya Abbasi aliweka sahani yake ya vipande vyeusi na vyeupe.

"Shikamoo bibi, karibu chakula," Abbasi alisema.

"Marahaba baba." Bi Zuleha hakugusa pilau. Macho yake yalikuwa kwenye sahani ya mwenyeji. "Nimesikia nyama huili."

"Siili, bibi."

"Na hii iliyo mbele yangu imetoka buchani kwako."

"Ndiyo."

"Sasa ina nini, hata mwenyewe unaikimbia?"

Shamimu aliinamisha uso. Abbasi alieleza habari ya ugonjwa, lakini kadiri alivyoeleza, ndivyo Bi Zuleha alivyozidi kusogeza pilau mbali.

"Mimi nitakula anachokula mwenye nyumba," bibi akaamua.

Abbasi akamsogezea sahani, akiamini kipande kimoja kitamtosha. Bi Zuleha alikinusa, akakigeuza, akakitia mdomoni. Alitafuna kwa muda.

"Hii nyeusi ni nini?"

"Mwani, bibi. Majani ya baharini," Joha alijibu.

"Mh." Akachukua kingine. Akaanza kuuliza habari za ukoo wa Joha, na mkono ukawa unakwenda na kurudi wenyewe. Abbasi alihesabu kwa macho vilivyobaki, akameza mate. Kipande cha mwisho bibi alikitazama kwa heshima, akakila.

Abbasi alikula kachumbari.

Bi Zuleha alipoondoka jioni, alikuwa amekubali ndoa na kuchagua mwezi. Mlangoni alimshika Joha mkono.

"Siku ya harusi, sisi wazee mtupikie ile ya majani. Vijana wale pilau."

"Tutapika, bibi," Joha alisema.

Abbasi alisubiri mgeni afike barabarani, akamgeukia mkewe. "Mama Shamimu, wali umebaki?"

"Umebaki wa pilau tu," Joha alisema, akacheka, akaenda kumwinjikia maharage.