Miaka Sita ya Gari la Stima

Wiki ya tatu ilikuwa ikiyoyoma, na katika nyumba ya Sattar pale Kibokoni hakukuwa na neno lingine ila gari. Gari kwenye chai ya asubuhi, gari dukani, gari baada ya sala ya Isha. La zamani lilikuwa limekwisha kufa, tena kifo cha aibu, juu ya daraja la Nyali saa moja na nusu asubuhi, nyuma yake foleni ya watu wenye honi na midomo. Sadaf ndiye aliyekuwa akiendesha, na ndiye aliyetukanwa. Pembeni yake alikaa mama mkwe wake, Shirinbai, mwenye umri wa miaka sabini na minane, aliyekuwa akingojwa kliniki kwenye mashine ya kusafisha damu. Bibi huyo aliutumia muda ule kuliombea gari rehema.

Tangu siku hiyo wanaume wa nyumba wakaingia kazini, na kazi yenyewe ilikuwa kujadiliana. Sattar, mumewe Sadaf, alikuwa na duka la vitambaa vya pazia, na miaka thelathini ya kupima kitambaa ilimfunza kutokata kitu upesi. Nabeel, mwana wao wa pekee, alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja Ganjoni. Mtie mwalimu wa hesabu na muuza vitambaa kwenye chumba kimoja, uwaulize gari lipi linafaa, kisha ukabandike chai jikoni, maana hutoki leo.

Magari yaliyobaki kwenye mashindano yalikuwa mawili, yote katika yadi moja. Umbo lao lilikaribiana: yameinuka kidogo kama magari ya jeep, lakini mafupi kiasi cha kugeuka kwenye njia za Mji wa Kale bila kukwangua ukuta wa mtu. Jeupe lilikuwa la petroli tupu, gari la kawaida, unatia mafuta unakwenda. La rangi ya fedha lilikuwa haibridi ya kuchaji. Lilikuwa na injini ya petroli kama mwenzake, na juu ya hiyo betri kubwa ambayo mtu huichaji nyumbani kwa stima, akazunguka mjini siku nzima bila kuchoma tone la mafuta. Bei yake ilikuwa juu, juu sana.

Sattar alilitaka la stima. Alikwisha kusema na fundi Katana avute waya kutoka dirishani hadi pale gari litakapolala, ukipita juu ya baraza ya jirani. Jirani naye alikwisha kukubali, kwa sharti kwamba achomeke simu yake. Kila mtu alikwisha kuulizwa, isipokuwa Sadaf. Haikuwa kwa ubaya. Ni vile wanaume wengine hununua jiko bila kumwuliza mpishi.

Na mpishi, kwa maana ya gari, alikuwa yeye. Kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kwa miaka minne sasa, Sadaf alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri. Huchemsha viazi vya Shirinbai, akamwaga maji, akavichemsha tena, kwa kuwa viazi vya mara moja ni sumu kwa mwenye figo mbovu. Humwogesha, humvisha, hukunja blanketi kwa sababu mashine humtia baridi. Kisha humteremsha ngazi kumi na tisa, humpakia garini, huvuka daraja na kwenda naye kule kaskazini karibu na Mtwapa, na kurudi mchana jua limewaka. Tangu gari life walikuwa wakikodi teksi, kwani tuk-tuk humtikisa bibi mpaka akatapika.

Alhamisi ya wiki hiyo ya tatu Sattar alimchukua mkewe yadini, maana alitaka mtu wa kumbebea makaratasi. Muuzaji aliitwa Jefwa, kijana mpole wa Kaloleni, na yeye ndiye mtu wa kwanza kufikiri jambo la maana.

"Nani ataliendesha?" aliuliza.

"Mke wangu," Sattar akasema.

"Basi mama, shika usukani wewe."

Sadaf alilitoa lile la fedha, akapita nalo hadi barabara ya Mama Ngina, bahari mkono wa kushoto. Halikutoa sauti. Hakuna injini iliyonguruma, hakuna usukani uliotetemeka, upepo wa ubaridi ukimjia shingoni taratibu. Nyuma mumewe na Jefwa walikuwa wakizungumza juu ya umri wa betri, naye hakuwasikia. Aliona kope zinamwelemea. Alitamani aegeshe pale penye kivuli, ateremshe kiti, alale humo mpaka mtu aje kumwamsha, na mtu huyo asije. Alilipenda gari lile, lisemwe wazi. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu apende kitu kwa ajili yake mwenyewe.

"Lakini mama, nikwambie kweli," Jefwa alisema walipolirudisha. "Hili ni gari la mtu wa kukaa nalo. Ukilinunua ukaliuza mapema, umetupa pesa zako. Bei yake huirudisha kidogo kidogo, kwa safari."

Usiku ule Nabeel aliipiga hesabu ya safari. Akasema kwa furaha, akiweka kalamu chini, kwamba kwa mwendo wa kliniki mara tatu kwa wiki, gari la stima lingerudisha tofauti ya bei katika miaka sita.

Miaka sita. Sadaf alikuwa amesimama na sinia la vikombe mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na mtu hujumlisha hata akijikataza. Aliziona ngazi zile kumi na tisa, aliziona alfajiri zile zimepangwa kama vidonge kwenye karatasi yake, na papo hapo akaona haya, haya ya kumchoma masikio. Alimpenda Shirinbai. Aliingia nyumba ile akiwa bi arusi wa miaka ishirini na miwili, asiyejua hata kupika mchele usishikane, na mzee yule alimfichia makosa yake mbele ya mume na mawifi mpaka akajua. Mtu kama huyo humhesabii siku. Akavipeleka vikombe jikoni akaviosha mara mbili.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na dasturi yake. Kitu chochote chenye magurudumu, mlango au mahari hakiingii mpaka mkubwa wa nyumba atamke. Friji ilitamkwa. Mashine ya kufulia ilitamkwa. Mchumba wa kwanza wa Nabeel hakutamkwa, na hiyo ni habari nyingine. Basi Ijumaa, baada ya sala, biriani limepakuliwa na la Shirinbai likiwa kwenye kisahani chake, halina chumvi wala nyanya, Sattar alijiweka sawa akafanya kosa ambalo mwana mwenye adabu tu ndiye angeweza kulifanya.

"Mama, neno la mwisho ni lako. Tununue lipi?"

Shirinbai alitafuna polepole. Meno yalikuwa machache lakini masikio yalikuwa timamu. "Tofauti yao nini?"

"La petroli ni rahisi leo, Dadima," Nabeel alimjibu bibi yake. "La kuchaji ni ghali leo, lakini litajilipa. Safari zako za kliniki ndizo zitakazolilipa."

"Safari zangu?"

"Ndiyo. Tatu kwa wiki, kwa miaka sita. Baada ya hapo ni faida tu..."

Hapo mwalimu akajisikia mwenyewe. Kijiko kilibaki hewani. Kila mmoja mezani aliona kwa mara moja jambo ambalo lilikuwa limekaa nao wiki tatu bila kualikwa: kwamba kuchagua la stima ni kusema bibi ataishi, na kuchagua la petroli ni kusema hataishi. Na walikuwa wamemletea yeye mwenyewe aseme.

"Inshallah miaka sita, na sita mingine juu yake," Sattar alisema upesi, sauti imepanda. "Tunachukua la stima, basi. Yamekwisha."

"Sattar, mwanangu," Shirinbai akasema, "hapo waniombea dua au waniapiza?"

Nabeel alikirudisha kijiko sahanini.

"Hesabu ya Nabeel ni nzuri," aliendelea, "ila mimi simo. Umri wangu aujua Mola, na daktari mwenyewe hanipi hata mwezi bila kutaja inshallah. Hino miaka sita mnayoihesabu hapa ni ya Sadaf. Ndiye wa kulitia ufunguo, ndiye wa kuniteremsha ngazi. Mmemuuliza?"

Wakamgeukia. Sadaf hakuzoea kutazamwa na meza nzima. Jibu alikuwa nalo, tena tayari, jibu la mkaza mwana wa miaka thelathini na moja: la stima, Mama, na Mungu akuweke. Lingemgharimu pumzi moja tu. Na gari lenyewe alilitaka, hapo hakuna uongo. Alifungua kinywa alitoe.

"La petroli," akasema.

Sattar aliweka tonge chini. "La petroli."

"Ndiyo."

"Sadaf, wajua wasema nini? Watu wakisikia, watasema Sattar alimpigia mamake hesabu akaona hafiki."

"Sikusema hafiki." Sauti ilikuwa ikimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Lile la fedha nalipenda kuliko nyote. Nilipokuwa ndani yake nilitamani nilale humo. Lakini mkinambia miaka sita, kifua chanibana. Nimechoka, Sattar. Sitaki Mama afe. Wallahi sitaki. Nataka abaki, na nimechoka. Yote mawili ni kweli, na sijui niyaweke wapi."

Chakula kilikuwa kinapoa. Nje mtu alipita akinadi mahamri ya jioni mapema mno. Nabeel aliangalia sahani yake. Shirinbai alifuta vidole vyake kimoja kimoja, kisha akanyosha mkono wenye makovu ya sindano, akaushika wa Sadaf juu ya meza.

"Hata mimi nimechoka, mwanangu," alisema. "Nalikuwa nangoja useme weye kwanza. Mgonjwa akisema amechoka, huletewa daktari."

Sadaf akaanza kulia, bila kelele, na wala hakuuondoa mkono wake kujifuta.

"Basi nimetamka," Shirinbai akasema. "La petroli. Kwa pesa zitakazobaki, mtafute mtu wa kunishusha ngazi, asiwe yeye siku zote. Na Jumatano hii nitapelekwa na Sattar."

"Mama, Jumatano naletewa mzigo dukani."

"Mzigo hauumwi figo. Utangoja."

Gari jeupe likaja Jumanne. Jumatano asubuhi Sadaf alimwandikia mumewe kwenye karatasi: mlango wa kuingilia ni wa nyuma, lifti usiiamini, nesi wake ni Sista Priscah, Mama asipewe maji zaidi ya kikombe. Sattar aliisoma akiwa amesimama, akaigeuza nyuma aone kama kuna zaidi, akaondoka na mama yake akiwa kiti cha mbele, mkoba mapajani kama mtu aendaye arusini.

Nyumba ikanyamaza. Sadaf hakujua la kufanya. Alifagia palipofagiwa. Alikaa kitandani, akainuka, akakaa tena. Alikuwa ndiyo kwanza ameegemeza kichwa kwenye mto simu ilipolia.

"Imemkaza miguu," Sattar alisema kwa kunong'ona. "Misuli. Alipiga ukelele. Hukunambia kwamba huumwa hivi."

"Mkande kutoka kisiginoni kwenda juu. Taratibu."

"Nimemkanda. Sista amenionyesha. Sasa amelala." Nyuma yake mashine ilikuwa ikilia kwa mpigo wake uleule. "Wanambia bado masaa mawili."

"Bado."

"Na weye hufanya nini hapa muda wote huu?"

"Humkanda. Akilala, hukaa."

"Wakaa tu?"

"Hukaa tu, Sattar. Kiti ni kimoja, na hakina mgongo."

"Ndicho nilichokalia."

Hakukata simu. Sadaf alimsikia akivuta pumzi, kisha akaisikia sauti yake imebadilika, imekuwa ya mtu aliyekuta kitu alichokuwa amekikanyaga siku nyingi.

"Halafu ukirudi," Sattar akasema, "mimi nilikuwa nikikuuliza mbona chakula kimechelewa."

"Ulikuwa ukiniuliza," Sadaf akajibu.

Siku nyingine angemwambia si neno. Safari hii hakumwambia.