Hezron na Siku Tisini

Hezron aliomba njia nzima aikute ofisi ya kata imefungwa. Ilikuwa wazi, na hata foleni haikuwapo.

Kwa miezi mitatu na ushei alikuwa Tunduma akiziba pancha za malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na kila mama mkwe wake alipopiga simu, alikuwa na kazi. Malori hayakosekani Tunduma, kwa hiyo kisingizio hicho kilimtosha. Agnes, mkewe, alikuwa amepanda kwao Ileje kujifungulia kwa mama yake, kama wanavyofanya wengi kwa uzazi wa kwanza. Alijifungua alfajiri. Jioni alifia njiani wakimkimbiza hospitali, damu imemwishia, pikipiki inateleza kwenye matope. Hezron alifika kuzika. Walipomletea mtoto ampakate, akasema mikono yake michafu, akashuka zake Tunduma.

Ukweli ni kwamba alimchukia. Mtu mzima na ndevu zake, amemnunia mtoto mchanga! Mwenyewe alijua ni aibu, na aibu hiyo hiyo ndiyo iliyomzuia kurudi.

Mama mkwe, Tupokigwe, angeweza kumwandikisha mjukuu wake. Sheria inamruhusu ndugu. Hakutaka. Wiki hiyo alipiga simu ya mwisho: "Mkwe, zile siku tisini za serikali zimepita. Njoo umwandikishe mwanao, au usije tena."

Sasa bibi alikuwa amekaa kwenye benchi nje, mtoto mgongoni, na Hezron yuko ndani mbele ya Brenda, dada anayeandikisha watoto hapo kata. Faini hakuiogopa. Aliogopa kuulizwa kwa nini amechelewa, na dawa ya swali hilo alikuwa ameshaitunga kwenye gari.

"Mtoto kazaliwa lini, baba?"

"Tarehe mosi Februari."

Hapo siku tisini zilikuwa bado. Brenda akaandika bila kuinua macho. Hezron akashusha pumzi, akajiona mjanja.

"Kadi ya kliniki?"

"Anayo bibi yake, hapo nje."

"Tutaiangalia. Mama wa mtoto?"

"Agnes."

"Yupo?"

"Alifariki."

"Pole sana, baba. Alifariki lini?"

"Tarehe kumi na moja Januari," akasema Hezron palepale, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe pekee ambayo ulimi wake haukuweza kuikosea.

Njia ya mwongo fupi, lakini hii ilizidi. Kalamu ya Brenda ilisimama. Akasoma alichoandika, akamtazama Hezron, wala hakucheka.

"Baba, unaniambia huyu mtoto kazaliwa mama yake ameshazikwa?"

Lilimpitia wazo la kumwambia aandike kwamba Agnes alikufa Februari. Neno moja tu, na Agnes angekuwa ameishi wiki tatu zaidi, walau kwenye karatasi ya serikali. Alilitamani wazo hilo. Kisha akamwona Tupokigwe mlangoni. Alikuwa amesimama hapo kitambo, na alikuwa amesikia.

"Walipishana siku hiyohiyo," Hezron akasema. "Alfajiri huyu kaja, jioni yule kaenda. Mimi nikamhesabia mtoto kosa. Ndiyo maana nimechelewa, dada. Sina sababu nyingine."

"Wa chini ya miaka mitano hapa hatumtozi kitu," Brenda akasema taratibu. "Ungesema tu." Akaikata ile tarehe, akaandika nyingine juu yake. "Jina la mtoto?"

Hezron hakulijua. Hakuwahi kuuliza. Akamgeukia mama mkwe wake, uso unamwaka kwa aibu.

"Mnamwitaje, mama?"

"Jina ni la baba kutoa, na baba hakuja," Tupokigwe akasema. "Kliniki walitaka kumwandika Mtoto wa Agnes. Nikawakatalia. Nikawaambia Agnes amelala, mwandikeni wa yule aliye hai. Basi kila siku ya chanjo nesi anaita, 'Mtoto wa Hezron!' Nami nasimama naye."

Hezron akainama. Ingekuwa heri angetukanwa. Alipoinuka alinyoosha mikono yake, kucha nyeusi kwa mpira na grisi, na safari hii hakusema ni michafu. Tupokigwe akafungua kanga, akampa.

Mtoto akamkagua huyo mgeni, midomo ikamtetemeka, akaangua kilio. Hezron akataka kumrudisha haraka.

"Mwache alie," Tupokigwe akasema. "Ana haki."

"Niandike nani, baba?" Brenda akauliza.

"Subiri kidogo, dada. Nitakwambia akinyamaza."

Brenda akaiweka kalamu chini. Mtoto hakunyamaza upesi.