Homa Aliyoitunga Tajudini

Tajudini hakujua Kikorea hata cha kuombea maji. Lakini mdomo alikuwa nao, na mtaa mzima wa Buyenzi ulijua hivyo. Katika kibanda chake cha video alisimama kando ya televisheni na maikrofoni mkononi, sauti ya filamu ameipunguza, akawatafsiria watu kwa Kiswahili cha mtaani kwao. Asichokielewa alikitunga. Na ile tamthilia ya Kikorea ya virusi, ndugu yangu, hakuielewa kabisa.

Aliona maabara, akasema ni vila moja kule Kinindo kwa wenye pesa. Aliona madaktari wamevaa nguo za plastiki na wagonjwa wanaanguka ovyo barabarani. Wanaumwa nini? Akawapa ugonjwa anaoujua tangu utotoni: baridi, kutetemeka, macho ya njano, kutapika. Kisha akatokea mwanamke mnene mwenye vidumu, ndiye aliyeusambaza. Tajudini akaona ampe jina ili watu wacheke. Akamwita Mama Huguette.

Mama Huguette wa kweli alikuwa amekaa benchi la mbele. Jina lake hasa Léocadie, Mkongomani, muuza mawese ya vidumu aliyoyaleta mwenyewe kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na yeye na Tajudini walikaa lupango moja, vyumba vya kupanga vyenye geti moja. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Tajudini alikipenda kicheko kile, basi kila sehemu mpya akazidi kumkoleza: Mama Huguette kavuka mpaka, Mama Huguette kakohoa, soko zima chini. Kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni.

Baadaye wateja wa mawese wakaanza kupungua. Walimpita tu, wakanunua kwa mwingine. Watu wazima na akili zao! Mama Huguette akaacha kuja kibandani, na Tajudini, tuseme ukweli, hakujisumbua kuuliza kwa nini.

Kisha malaria ikampata Mama Huguette. Malaria, hii hii yetu ya mbu. Ikampanda kichwani, macho yakawa njano, kila kidonge alichomeza akakitapika. Lupango zima wakatazamana. Mama Khadidja, mwenye nyumba, akamchukua Huguette, binti wa mgonjwa, akamfungia chumbani kwake mwenyewe. Majirani wengine wakahamia upande wa pili wa ua na majiko yao.

Tajudini alirudi mchana akawakuta wamesimama mbali na mlango wa mgonjwa. Aliingia bila kuuliza. Mwanamke alikuwa anawaka moto, midomo imepasuka, hamjui tena mtu. Alihitaji sindano na kutundikiwa serumu siku ile ile, la sivyo hapati kupona. Ambulansi usiniulize, mafuta ya gari mji mzima ulikuwa unayaota. Akampigia Faruk wa teksi. Faruk akaja, akaambiwa getini mgonjwa ni nani, akageuza gari. Basi Tajudini akainama ambebe mwenyewe mgongoni, na hapo akasikia mlango unafungwa kwa nje. Ni Maxime, fundi wa pikipiki wa chumba cha mwisho, kaweka kufuli, homa isitoke.

Tajudini akashika nondo za dirisha. Aliona aibu, lakini alisema yote.

"Sikieni. Mi sijui ile lugha. Ile homa nimeitunga mi mwenyewe. Huyu mama ana malaria, atakufa. Fungueni."

Mama Khadidja alimjibu kwa upole, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Taju mwanangu, hata mule mu filamu yule munganga alisema ni malaria. Na aliyemuamini alikufa."

Kweli alisema. Yaani Tajudini ndiye aliyemsemesha, kwa sababu daktari alikuwa anafungua mdomo na lazima aseme kitu.

Akatukana. Akapiga mlango mateke. Halafu, maskini, akajaribu njia aliyoiweza. Akaipandisha sauti yake ya kibandani, akaanza kuwasimulia sehemu ya mwisho, ambayo hakuwahi kuiona: dawa imepatikana, iko hospitali, mgonjwa anabebwa na jirani zake, na hakuna anayeambukizwa, hata mmoja. Walisogea. Wengine wakakaa chini kabisa. Alipoigiza daktari akishangilia, mtu alicheka pale pale pa kucheka. Tajudini akapata moyo, akasimulia mlango unavyofunguliwa, akausimulia tena, mpaka koo likamkauka. Maxime alisikiliza, mkono mfukoni, na ufunguo humo humo.

Nyuma yake Mama Huguette aliacha kutetemeka. Tajudini akageuka, akamshika mkono, akamwita, akamwita tena kwa jina lake, Léocadie. Pumzi haikuwepo tena.

Nje walikuwa kimya, wanamngoja aendelee.