Chumba cha Peke Yake

Jumapili ile Verlene Pettaway alisimama kanisani, kofia yake ya zambarau kichwani, akatoa ushuhuda. Mwanawe Tavaris, mwenye miaka kumi na sita, alishitakiwa kama mtu mzima kwa kuwa alikuwamo garini wenzake walipopora duka. Wakamsweka jela ya kaunti, na majitu yenye ndevu! Basi kila akitoka kiwandani kukata kuku, Verlene alikwenda kumganda sherifu, mkuu wa jela ile, mpaka sherifu akasalimu amri: mtoto atengwe, asionwe wala asisikiwe na mahabusu wakubwa.

"Amina!" kanisa zima likaitika. Masikini, laiti angejua.

Jumatano akaenda kumwona. Kumwona kwenyewe ni kwa televisheni, mama chumba hiki, mtoto nyuma ya ukuta wa chumba hichohicho. Tavaris alikuwa amekauka sauti.

"Koo linakuuma, mwanangu?"

"Haliumi, Mama. Sijaongea na mtu tangu ulipokuja mara ya mwisho."

"Hawakutoi nje?"

"Saa moja kwa siku, peke yangu. Mama, waambie wanirudishe kwa wakubwa."

"We una wazimu? Watakuua kule!"

"Kule kuna mzee Cleotha. Alikuwa ananiita Kibete, ananicheka nikishindwa karata. Huku naongea na sinki." Akajaribu kucheka. "Nalo halijibu."

Verlene hakuweza kucheka. Mlango ule alikuwa ameufunga yeye.

Kesi ilipotajwa, akamwomba jaji ampeleke mtoto kwenye mahabusu ya watoto, ambako wana darasa na wenzao wa kucheza nao mpira. Jaji hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mama, kule hawapokei aliyeshitakiwa kama mtu mzima."

"Basi mrudishe kwa hao watu wazima."

"Siwezi. Bado ni mtoto."

"Sasa ni mtoto au ni mtu mzima, Mheshimiwa? Maana mimi nimemzaa na sijui tena."

Jaji akainamia meza. "Akitimiza miaka kumi na minane atatolewa chumba kile, achanganywe na wakubwa."

Jumapili mchungaji akauliza nani ana neno. Verlene akasimama, safari hii kichwa wazi.

"Niombeeni," akasema. "Mwombeni Mungu amzeeshe mwanangu upesi."

Hakuna aliyeitikia amina.