Amri ya Kufa Iliyokwama Figoni

Usiku wa jana nililala wodini nikaota nimesimama mlangoni mwa figo yangu ya kushoto, nimevaa gauni la hospitali, miguu mitupu. Bawabu akaniuliza nimemfuata nani.

"Nimejifuata mwenyewe," nikamwambia. Akanipisha.

Nina uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Dawa ninayotundikiwa kila Jumanne kuupiga vita ilikuwa imeanza kuumiza figo, na tangu asubuhi sikuwa nimepata mkojo. Daktari alimwambia mdogo wangu Shemsa, akidhani nimelala, kwamba hali ikibaki hivyo dawa itasimamishwa. Dawa ikisimama, uvimbe unabaki na mimi. Nililala na hasira.

Ndani kuna korido ndefu, vyumba huku na huku, na katika kila chumba anaishi seli mmoja. Vingine vilikuwa vitupu, vimefagiliwa. Katika kimoja nikamkuta seli mnene kajifunga kanga kifuani, anakunja nguo na kuzipanga sandukuni.

"Unahama, mama?"

"Nakufa. Amri iko njiani. Nafunga mizigo vizuri nisije nikawachafulia majirani."

Kitandani kwake ameketi mzee wa suti ya kijivu, ananuka chuma. Ni dawa yangu. Ladha yake nilikuwa nayo mdomoni kutwa nzima.

"Shikamoo," nikasema, maana ni mtu mzima.

"Marahaba, binti. Utanisamehe. Mimi nilitumwa kwenye uvimbe. Hapa nilikuwa napita tu kuelekea nje, mlango ukafunguliwa, nikaingia. Na nikishaingia mahali, kazi yangu ni moja."

"Hapa si kwenye uvimbe."

"Sijui kusoma vibao," akasema.

Mara korido ikawa uwanja wa netiboli wa shule ninayofundisha. Matarishi wamechuchumaa katika mstari, vichwa wazi. Wa kwanza ana kofia nyekundu. Anakimbia hadi kwa wa pili, anatoa mfukoni kofia nyingine kama hiyo, anamvisha. Wa pili anainuka na kukimbia kwa wa tatu. Nikamzuia.

"Umebeba nini?"

"Amri ya kufa. Inakwenda kwenye kiini cha seli."

"Nani kaitoa?"

"Sijui. Nimeipokea kwa aliyenitangulia. Kofia ikiwa kichwani nakimbia, isipokuwepo nakaa. Ndio utaratibu."

"Mnapeleka kifo cha watu na hakuna aliyeuliza?"

"Tungeuliza tungechelewa."

Nikamvua kofia. Akakaa chini papo hapo, akaanza kuangalia kucha zake.

Basi nikawafuata. Nilikuwa namvua kofia kila niliyemfikia, na kila niliyemvua aliketi bila ugomvi. Lakini mmoja alikuwa na mbio. Akanipita pembeni, akaingia kwenye kiini na amri yake. Nikaingia nyuma yake.

Kiini ni chumba cha mviringo, na sauti inatoka ukutani.

"Amri imefika," ikasema. "Inasema mjiue. Kuna pingamizi?"

"Lipo. Ni mimi."

"Ulikubali dawa."

"Nilikubali dawa, sikukubali kifo. Na dawa siiachi."

"Hivyo viwili havikai pamoja."

"Vitakaa. Mimi nimekaa chumba kimoja na mama mkwe na mawifi, na wote tuko hai."

Tarishi akanitazama, kisha akajivua kofia mwenyewe.

"Basi waambie wafungue maji," sauti ikasema.

Nikarudi mbio koridoni nikipiga kila mlango. Yule seli mnene alikuwa ameshafunga sanduku. Nikalifungua.

"Kunjua," nikamwambia.

"Na walioondoka?"

"Tutawalilia. Sasa kunjua."

Akatazama vyumba vitupu, akafunga kanga upya, akafungua bomba. Jirani yake akafungua lake. Maji ya chumvi yakaja, yakanifika vifundoni, na mimi nikasimama humo muda mrefu nikihimiza, hadi korido nzima ikawa inavuma. Mzee akakunja suruali yake ya kijivu na kuanza kubebwa na maji taratibu kuelekea nje.

"Tutaonana Jumanne, binti."

"Karibu. Lakini ukifika hapa, pita moja kwa moja."

Nikaamka. Kumekucha, na Shemsa alikuwa ananinyooshea blanketi. Akasita miguuni.

"Dada, mbona nyayo zako zimekunjamana hivi? Kama umeshinda unafua."

Nikazitazama. Zilikuwa nyeupe, zimejaa mikunjo. Shemsa akapapasa shuka. Ilikuwa kavu.

Nesi Tumsifu akaja, akauliza kwa upole, kama mtu anayejua jibu, iwapo mkojo umepatikana.

"Niletee chombo," nikamwambia. "Kikubwa."