Jiwe la Odon

Padri Gaucher alipanda juu ya gari la mawe akauliza kama kawaida yake, "Nani hapa ana kinyongo na mwenzake? Aseme sasa. Bikira Maria hajengewi nyumba kwa chuki."

Ndiyo ilikuwa desturi ya mji ule tangu kanisa la zamani liungue. Mawe ya kanisa kuu hayakukokotwa na ng'ombe. Watu wenyewe walijifunga kamba, mabwana na watwana, na kabla ya kuvuta walisameheana. Ukikataa, sadaka yako inatupwa chini. Basi asubuhi ile watu walikumbatiana, hata wachinjaji wawili walionuniana tangu Pasaka.

Hersende hakumkumbatia mtu. Garini mlikuwa na jiwe la mwisho alilolichonga marehemu mumewe, Odon, na pembeni mwake Odon alikuwa ameweka alama yake, samaki mdogo. Hersende alitaka jiwe lile liingie ukutani. Hakuwa na kingine cha kutaka duniani.

Nyapara wa waashi, Thierry, akamjia kofia mkononi, sauti juu ili padri asikie. "Shemeji, nisamehe."

"Shemeji yako nani? Nikusamehe nini?"

"Yote. Yaliyopita."

"Yataje."

Thierry akainamisha macho kwenye kofia yake. Loo, na siku ya msiba alikuwa na mdomo huyo! Odon alianguka kutoka kwenye yale matao ya nje yanayoegemeza kuta, na Thierry akautangazia mji kwamba alipanda amelewa. Watu wakaamini. Odon akazikwa wenzake wakinong'onezana na kucheka. Uongo mtupu! Kamba ya jukwaa ilikuwa imechakaa, Odon akamwambia Thierry, na Thierry akamjibu mapadri wana haraka, panda. Hersende alikuwa pale, amemletea mumewe mkate, akasikia kwa masikio yake. Nani angemwamini mjane?

"Mama, samehe tu," padri alisema. "Watu wanasubiri."

"Aseme mume wangu hakulewa. Nitamsamehe hapa hapa."

"Msamaha hauwekewi masharti."

"Basi sina."

Padri akaashiria kwa mkono. Jiwe likasukumwa, likaanguka matopeni, puu! Gari likaondoka. Mabile muuza jibini peke yake ndiye aliyegeuka. "Hersende, kichwa chako kigumu kuliko hilo jiwe!"

"Afadhali."

Akaenda nyumbani, akang'oa mlango wake mwenyewe, akarudi nao, akalibingirishia jiwe juu ya ubao ule na kujifunga kamba mabegani. Akavuta. Alianguka, akamtukana Thierry, akainuka, akavuta tena. Jua lilipokuwa la utosi alikuwa amefika katikati ya mlima wa kuelekea kanisani, pale njia inapobana kati ya kuta mbili, mabega yanavuja damu. Hapo akaketi juu ya jiwe lake.

Gari la pili likaja nyuma yake, halikuweza kupita.

"Tukusukumie, dada!" Mabile akaita kutoka kwenye kamba; alikuwa amerudi chini kuvuta na gari hili.

"Usiguse. Sikusubiri wewe."

Juu, waashi waliona njia imeziba. Nyundo zikanyamaza moja moja. Padri Gaucher akateremka amekasirika, akaamuru mjane aondolewe, na hakuna aliyesogea. Wote wakamtazama nyapara wao.

Thierry akashuka polepole mpaka mbele yake. Akanong'ona kitu.

"Paza sauti," alisema Hersende. "Siku ile ulipaza."

Uso ulikuwa umemwiva. "Odon hakulewa!" akapiga kelele. "Kamba ilikuwa mbovu. Aliniambia, nami nikampandisha."

Mwanamume mmoja penye gari akavua kofia. Mabile alikuwa analia waziwazi.

"Haya, mama," padri alisema kwa upole, "sasa msamehe."

Hersende akasimama, akaivua kamba mabegani, ikiwa na damu yake, akampa Thierry.

"Vuta," alimwambia. "Mambo ya msamaha tutaongea likishaingia ukutani."

Thierry akajifunga. Hersende akapita nyuma, akaweka kiganja juu ya samaki, akasukuma.